Sura ya Mama kwa Shemeji Rosa

Kumsenga,
Kibondo, Kigoma.
18 Juni 2024

Mpendwa shemeji Rosa,

Amahoro sana huko Kanada kwenye baridi! Hujambo wewe na mzee Hatungimana? Na Irakoze, bado anarefuka kila mwezi? Huku sote tu wazima, tunamshukuru Mungu. Dada yako Dorcas ni mzima, na ulimi wake ni mzima zaidi. Maharage yamekubali mwaka huu, tunakula tu.

Mimi bado ni yule yule mwehu wa mitambo. Ile kompyuta niliyoinunua Kasulu ikiwa imekufa nimeifufua, sasa inatumia umeme wa jua. Na kamera, shemeji, acha tu! Nimerekodi harusi, ubatizo, hata mbuzi wa jirani akizaa. Watu wa hapa wananiita Televisheni, nami naitika.

Sasa lile ombi lako la kutumiwa video ya mama. Uliposema sura ya mama imeanza kukupotea, niliumia sana. Simu za huku zinashika sauti tu, tena mpaka upande kichuguu, kwa hiyo nikajisemea kazi hii ni yangu, mwenye kamera. Kumbe nimesahau mimi ni nani! Nilipofika kwake, mama alijifunika kitenge gubigubi, akanisalimia akiwa ameelekea ukutani. Si unamjua? Kwake yeye mkwe hatazamwi usoni, wala hamtazami. Basi nikarekodi kitenge. Maua yake yametoka vizuri sana.

Ikabidi nimfundishe Dorcas. Loo, mwanamke huyu! Mara ya kwanza alirekodi kuku na vidole vyake mwenyewe, kisha akasema kamera yangu ni mbovu. Tulinuniana mpaka jioni. Jumapili tukarudi, nikamwachia kila kitu, nami nikakaa nje kwenye migomba, roho juu. Mama amezeeka, Rosa, sitakuficha, na miguu inamsumbua. Nilijua tukikosa safari hii huenda tusipate nyingine.

Mara nikasikia sauti yake huko ndani: "Rosa, mwananje, mimi sikuoni, lakini wewe nitazame mpaka ushibe." Halafu akacheka kile kicheko chake. Shemeji, nililia pale migombani kama mtoto.

Kukata na kuunganisha nimefanya mwenyewe, lakini kwa adabu. Nilifunika kioo cha kompyuta kwa kitenge, nikafuata sauti tu, na Dorcas akawa anachungulia chini yake na kuniamrisha: "Kata hapo! Rudisha! We mwanaume, rudisha!" Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo, wala tamu kama hiyo.

Flashi imo humu kwenye bahasha, nimeiviringishia kitambaa. Asmahani wa duka la vitenge anakwenda Dar, ataiposti huko.

Nisalimie mzee, na shangazi Pelagia ukimpigia. Mama anakuombea kila asubuhi, na Dorcas anasema usisahau kwamba aliyerekodi ni yeye.

Nakuomba jambo moja tu. Ukishaitazama, niandikie mama mkwe wangu anafananaje. Watu wote husema Dorcas amemchukua yeye kabisa, nami nataka kujua nitazeeka nikimtazama nani.

Imana ikurinde, Mungu akutunze, shemeji, wewe na nyumba yako yote.

Shemeji yako akupendaye sana,
Pasikali