Daftari la Mawazo Mema

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti lako limepunguza ukaidi, na shemeji bado anakoroma mpaka majirani wanajua ameshalala. Mimi mwili hauna neno, moyo ndio siwezi kuusemea hivyo. Utashangaa kwa nini nakuandikia wakati simu ninayo. Kwenye simu ungenikatiza kwa maswali, nami ningepata upenyo wa kuchomoka. Unanijua tangu utotoni, nikibanwa huwa sikosi mlango wa nyuma.

Kuhusu mwanangu Kidoti, nilikwambia ameteguka tu na baada ya wiki mbili atakuwa mzima. Nilikudanganya. Amevunjika. Mfupa wa muundi wa mguu wa kushoto umekatika mpaka kwenye kifundo, wamempasua na kumtia chuma na skrubu saba. Leo ni siku ya kumi na tisa yupo wodini, kitanda cha pili kutoka dirishani. Daktari anasema atatembea vizuri, labda hata atakimbilia basi, lakini mashindano tusiyataje tena. Kaa chini, Dada, na usinilaani mpaka ufike mwisho.

Mbio za mtoto huyu zilianza kama mchezo. Nilikuwa nikimtuma dukani kuniletea msasa, anarudi kabla sijamaliza kukoroga rangi. Nikanunua saa ya kupimia mbio, tukawa tunakwenda kila asubuhi kwenye uwanja wa shule, yeye akizunguka, mimi nimesimama na suruali yangu ya kazi yenye madoa ya kila rangi. Watu wakanibatiza Kocha Brashi. Nilicheka nao, lakini moyoni jina lilinikaa vizuri. Kumbe kulikuwa na shule moja ya michezo inayochukua wasichana watatu kila mwaka kwa mbio za mita elfu moja na mia tano, inawasomesha bure na kuwapa walimu wa kweli, si fundi rangi kama mimi. Kidoti aliitaka nafasi ile kuliko kitu kingine chochote duniani. Alikuwa na miaka kumi na mitano, na mwakani angekuwa amepita umri.

Tatizo lake lilikuwa woga. Mazoezini alikuwa moto, lakini siku ya mashindano anatapika, anamaliza wa sita. Sasa mwaka jana nikapata kazi ya kupaka dari la ukumbi mmoja, na humo humo kulikuwa na semina ya mhamasishaji, bwana mwenye viatu vya kung'aa na sauti ya kuamsha wafu. Siku mbili nzima nilikuwa juu ya ngazi nikimsikiliza bila kulipa kiingilio. Alisema kinachomshinda mtu ni mawazo yake, kwamba ukiandika ushindi wako kila asubuhi mwili utatii, na kwamba neno moja la shaka linatosha kuharibu kazi ya mwaka. Waliolipa walikuwa wakisinzia. Mimi nilishuka ngazini nikiwa nimeokoka.

Nikamnunulia Kidoti daftari lenye jalada gumu. Kila asubuhi kabla ya kuvaa viatu alitakiwa kuandika ukurasa mmoja kana kwamba ameshashinda, nami nautia sahihi chini. Tukapiga marufuku maneno fulani nyumbani: sitaweza, nimechoka, naumwa, na labda. Anayeteleza anaosha vyombo wiki nzima. Niliviosha mimi kwanza, kwa sababu nilisema labda mvua itanyesha. Tulicheka sana siku hiyo, Dada. Ilikuwa nyumba yenye furaha, nakuapia.

Na sitaki kumsingizia yule bwana, mawazo yale yalisaidia. Kidoti aliacha kutapika. Alilala vizuri, akaamka kabla yangu, na muda wake ukapungua kwa sekunde tisa. Msichana aliyekuwa akiinamisha kichwa mbele ya wenzake alianza kuwasalimia kwanza. Ndiyo maana nikaamini kwamba dawa iliyotibu woga itatibu kila kitu.

Siku ya mchujo wa shule ile alianza vizuri. Mizunguko miwili ya kwanza alikuwa wa pili, ametulia, nami nilikuwa nikipiga kelele mpaka mzee mmoja akanisogezea chupa ya maji. Mzunguko wa tatu, kwenye kona, nikaona bega la kushoto linashuka. Akaenda hatua kama kumi hivi, kisha akaanguka. Msimamizi aliyekuwa karibu naye alisema aliusikia mfupa. Mimi nilichosikia ni mtoto wangu akisema amesimama, anaendelea, na huku yuko chini.

Hospitalini daktari aliniambia mfupa wa mtoto wa umri ule haukatiki hivihivi. Lazima ulikuwa na ufa kwa wiki kadhaa, na ufa huo huwa unauma. Akaniuliza kama aliwahi kulalamika. Nikasema hapana. Akamgeukia Kidoti akamuuliza swali lile lile. Kidoti aliniangalia kwanza, halafu naye akasema hapana.

Siku tatu baada ya upasuaji aliomba daftari lake. Nikafikiri anataka kujiliwaza. Akaandika kurasa nne za kuniomba msamaha. Aliandika kwamba kwenye mzunguko wa tatu aliufikiria mguu wake, shaka ikamwingia, na ndiyo maana mguu ukavunjika. Kwamba mimi nilifanya sehemu yangu yote, yeye ndiye aliyenipotezea asubuhi zangu za miaka miwili. Nilisoma nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake. Nikampapasa kichwa, nikamwambia yamepita, nimeshamsamehe. Dada, nilimwambia nimemsamehe.

Sasa sikiliza nililokuwa nalizungukia tangu mwanzo. Wiki tano kabla ya mchujo, Kidoti aliandika ukurasa tofauti na mwingine wowote. Aliandika kwamba mguu unamuuma hata akiwa amekaa, kwamba anaogopa, na kwamba anaomba tupumzike. Neno la kusema kwa mdomo tulishamkataza, akaona alete kwa maandishi. Niliuchana ukurasa ule mbele yake. Nilimwambia mabingwa hawaandiki hivyo, akae aandike upya. Akakaa. Akaandika kwamba miguu yake ni myepesi na haijui uchovu. Nikatia sahihi. Wiki tano nilitia sahihi, na wiki tano nilimwona akishuka ngazi za nyumba upande upande, nami nikawa naangalia saa. Si kwamba sikuelewa. Nilijua tukipumzika mchujo utatupita, na nilishajiona nimekaa jukwaani, baba wa bingwa.

Jana mchana nilimweleza yote, daktari akiwepo. Nilimwambia mfupa hausomi daftari. Ulivunjika kwa sababu ulikuwa na ufa, na alikimbia na ufa kwa sababu mimi nilimkimbiza. Akauliza kama kweli si mawazo yake yaliyomwangusha. Nikamwambia si mawazo yake hata kidogo. Akauliza kama tungepumzika siku ile alipoandika angepona. Nikamtazama daktari, daktari akatazama dirisha, ikabidi nijibu mwenyewe: ndiyo, wiki sita za kupumzika zingetosha.

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Alilia kama mtoto mdogo, mabega yote yakitikisika. Kisha akajifuta uso kwa shuka, akaniomba kwa adabu nitoke nje. Nilikaa kwenye benchi la kwenye korido mpaka saa ya kutazama wagonjwa ikaisha. Muuguzi alitoka akaniambia mtoto anaomba aitiwe shangazi yake, na akiruhusiwa angependa kwenda kwa shangazi, si nyumbani. Hakusema ni kwa muda gani, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Ndiyo sababu ya barua hii, Dada. Anaruhusiwa Alhamisi ya wiki ijayo. Njoo umchukue. Mama yake alipotutoka ulimlea wewe mpaka alipoanza darasa la kwanza, kwako anapajua. Nguo zake nimezifua na kuzipanga. Nitakusaidia kumbeba mpaka kwenye gari, kama atakubali nimguse.

Nakuomba jambo moja tu. Usimwambie ajikaze, wala usimwambie yote yatakuwa sawa. Akikwambia panamuuma, muulize wapi.

Msalimie shemeji, na umweleze ukweli wote, nisije nikaanza uongo mwingine. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Baba Kidoti