Kila Nyumba Mbele ya Mlango Wake

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta umetoka zamu salama, na kwamba wagonjwa wako wanakuachia angalau nafasi ya kunywa chai. Sisi huku tuko hai sote, baba, mama na mimi. Hiyo ndiyo habari njema pekee niliyonayo, kwa hiyo nimeitanguliza. Hizi nyingine zisome umekaa. Simu bado hazishiki, na hata zingeshika, unanijua: mdomo wangu hufunguka vizuri zaidi kwenye karatasi.

Kimbunga umekisikia redioni. Kilitupiga siku mbili, kikang'oa mapaa manne na kuangusha ukuta wa fundi cherehani. Lakini upepo sina ugomvi nao, dada. Nina ugomvi na watu.

Unakumbuka uchochoro wetu unavyoteremka, na mtaro unavyopita mbele ya milango yote kumi na mmoja. Safari hii nyumba sita za juu zilijaa maji hadi madirishani. Sisi tulio wa saba, pamoja na walio chini yetu, tulilowa miguu tu. Cherehani iliyokushonea sare zako za shule ilizama yote. Kinyozi alikuta kiti chake cha kunyolea kimejibana mlangoni, akasema kinafanana na mteja anayedai upande mmoja haujanyolewa. Tulicheka, maana siku ile bado tulikuwa majirani.

Siku ya tatu tukatoka na mabeleshi na ndoo. Baba, kwa kuwa ni fundi mwashi na watu humsikiliza, ndiye aliyepanga kazi. Alisema tukichanganyikana tutakanyagana, kwa hiyo kila nyumba ichimbe mtaro mbele ya mlango wake. Wote wakasema huyo ndiye fundi. Tukachimba kutwa. Kinyozi aliapa kwamba kipande chake kitang'aa kuliko kipara cha baba, na baba akacheka kwa sauti kubwa mno. Jioni mtaro ulikuwa safi kila mahali, na maji ya juu hayakuwa yamesogea hata shibiri moja.

Hapo wakaanza kutafuta mchawi. Mlango wa sita, unaopakana na wetu, ni wa Mama Mkaa. Katika kipande chake yalitolewa magunia matatu ya mkaa yaliyosombwa kutoka bandani kwake. Ikatosha. Baba akaeleza kwamba vumbi la mkaa limeganda chini kama saruji, na maji yatachukua wiki kupenya. Fundi akishasema, nani abishe? Mama Mkaa aliwauliza tu: kwa miaka kumi na miwili mkaa wake umekaa palepale, mvua ngapi zimepita? Wa kwanza kupiga kelele kwamba mwanamke huyu ametuzamisha alikuwa fundi cherehani. Dada, wakati wa kimbunga Mama Mkaa ndiye aliyemtoa majini mama mzazi wa huyo fundi cherehani, akambeba mgongoni kama mtoto. Nilimwona. Wote walimwona. Wakampa hadi Jumamosi awe amehama.

Sasa nikwambie nilichokuwa nakizunguka tangu mwanzo wa barua.

Mwaka jana, ulipokuwa umeshaondoka, baba alijenga kibaraza mbele ya nyumba, juu ya mtaro. Alisema anataka msomi wake apate pa kusomea penye mwanga. Mimi ndiye niliyemchotea maji ya kukorogea zege. Niliona alivyoujaza mtaro mawe na kulaza katikati bomba lisilozidi unene wa paja langu, na mapaja yangu unayajua. Nilimuuliza kama litatosha. Akasema hajengi safina. Nami nikakaa juu yake mwaka mzima nikisoma.

Siku ile walipokuwa wakimshambulia Mama Mkaa, kinyozi alisema ni vizuri kuuliza pia maji yanapitaje chini ya kibaraza cha fundi. Baba akajibu kwamba yanapita vizuri. Kinyozi akasema basi aulizwe Profesa, ndivyo wanavyoniita siku hizi, maana huyu hata salamu humtoka kwa shida, uongo ataupatia wapi? Wakanigeukia wote. Baba alikuwa ananitazama. Nikasema bomba ni kubwa, mtu anaweza kutambaa ndani. Sikutetemeka, wala sikugugumiza kama kawaida yangu. Hakuna aliyeinama kuchungulia. Neno langu ndilo lililomfukuza, dada, si magunia.

Nilinyamaza siku nne. Jumamosi asubuhi walitoka wote kumtazama akipakia vitu kwenye mkokoteni, na hakuna aliyemsaidia hata kufunga kamba. Nikaingia ndani nikachukua sururu ya baba. Nikasimama kibarazani nikasema yote, kwa sauti ambayo sikujua ninayo: mawe, bomba, uongo wangu na wa baba.

Nilidhani watanirukia. Heri wangenirukia. Kila mtu alitazama ukuta wake. Kisha fundi cherehani akasema taratibu kwamba yaliyopita si ndwele, kuna kuta za kusimamisha, na mwashi hapa mtaani ni mmoja. Mwingine akasema mtoto amechoka, apelekwe ndani akapumzike. Walinielewa, dada! Walinielewa vizuri kabisa, na bado walikuwa tayari Mama Mkaa aondoke. Hata kinyozi hakuwa na mzaha. Baba alisimama mlangoni, mwiko mkononi.

Nikapiga zege. Likatoka vumbi tu. Nikapiga tena, nikalia kwa hasira. Ndipo Mama Mkaa akaweka chini mkokoteni, akaja akaninyang'anya sururu, akasema haishikwi kama kalamu. Alipiga kama anayepasua magogo. Katikati ya kupiga, bila kunitazama, alisema nimenunua mkaa kwake tangu sijaota meno ya mbele, na nikaweza kumnyamazia siku nne.

Lilipofunguka tundu, maji yalivutwa kwa mngurumo, na tope, na viatu, na vitana vya kinyozi. Kufikia adhuhuri mtaro wote ulikuwa unatiririka. Na unajua walifanya nini? Walishangilia! Walipiga makofi kama walioshinda mechi, na fundi cherehani akamwambia Mama Mkaa kwamba sasa anaweza kubaki, hana kinyongo naye. Yeye hana kinyongo naye! Mama Mkaa aliifuta sururu kwa khanga, akamkabidhi baba, si mimi, akashika mkokoteni wake akateremka nao. Hakugeuka.

Tangu siku hiyo baba hajanisemesha. Mama hunisemesha kuhusu chumvi na ndoo tu. Jumatatu baba anaanza ukuta wa fundi cherehani, na tayari wamerudi kumwita fundi wetu. Usimwandikie kunitetea, nakuomba. Nilichokosa nimekosa mwenyewe.

Lakini nina ombi moja. Nimesikia Mama Mkaa yuko kwa kaka yake, nyuma ya soko la huko kwenu. Ukienda sokoni, mtafute. Usimpe salamu zangu, maana atakuwa na haki ya kutozijibu. Mwambie tu maji yanapita.

Wasalimie wenzako wa zamu, na yule unayeishi naye chumba kimoja. Ukipata nafasi andika, hata kunigombeza. Mama angekusalimia kama angejua nakuandikia.

Ni mimi mdogo wako,
yule yule wa vitabu.