Funda la Maji

Jumapili, 6 Julai 2025

Nimekuacha bila neno tangu mke wangu Tryphena alipopigwa na kiharusi. Niwie radhi, daftari. Mtu aliyewachapa wanafunzi kwa kutoandika insha zao hapaswi naye kukaa kimya hivi. Leo kuna jambo.

Shanice, mjukuu wangu, amepata nafasi ya kwenda Ujerumani. Kujitolea, mwaka mzima! Alitangaza baada ya ibada, sahani zikiwa bado mezani. Kuna shirika huko Voi linalobadilishana vijana na kanisa la Wajerumani — mmoja anakwenda, mmoja anakuja. Nikamwuliza anakwenda kufanya kazi gani. Akasema ni nyumba ya wazee. Kuwaosha. Kuwalisha. Kuwageuza kitandani.

Nikacheka. Nikamwonyesha mlango wa chumba cha bibi yake.

"Mzee wa kuoshwa ni huyu hapa. Haulizi pasipoti."

Sharon, mama yake, alikuwa amefunga kibanda chake cha mitumba Voi aje kusikia habari hii. Akaniambia, "Baba, si hata ungesema hongera kwanza?"

Sikusema.

Jumatano, 9 Julai 2025

Anajifunza Kijerumani kwa simu, na mazoezi anamfanyia Tryphena! Akimgeuza, Kijerumani. Akimpangusa, Kijerumani. Nilisimama dirishani nikasikia yote. Nikamwita nje, nikampa mtihani.

"Sema: Mzee, umejinyea."

Nilidhani ataona haya. Akalitamka bila kusita, tena kwa adabu, akaongeza maneno mengine. Nikamwuliza hayo ni nini. "Nimemwambia asijali, Babu, nitamsafisha."

Nikamkumbusha kwamba babu yangu alibeba mizigo ya Waingereza hadi Maktau, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ili Wajerumani wafukuzwe nchi hii. Na sasa kilembwe wake anawafuata kwao kuwapangusa matako.

"Lakini Babu, hao walishakufa. Hawa ni wengine."

Jibu la mtoto wa siku hizi. Akarudi ndani. Nikamsikia akiimba.

Jumamosi, 12 Julai 2025

Munyoki amekuja kwa pikipiki, vumbi hadi nyusi. Ni kijana wa Kikamba, ndiye msimamizi wa hilo shirika. Kanuni zao zinamtaka afike nyumbani kwa kila kijana na awasikilize wazee. Vema. Nikamkaribisha chai. Shanice ndiye aliyekuwa akimimina.

"Mwalimu, tuambie. Mjukuu wako ana tabia gani?"

Nikamwambia kweli. Kwamba mwezi wa nne bibi yake alianguka kutoka kitandani, na Shanice alikuwa nje, anaongea kwa simu. Kwamba alimkuta sakafuni, amekuwa baridi. Kila neno ni kweli. Sikumwambia kwamba tangu siku ile mtoto analala kwenye mkeka kando ya kitanda kile, mkono wake umeshika mguu wa bibi yake. Hilo hakuniuliza.

Chai haikumwagika. Shanice akaweka birika chini, akasogeza sukari karibu na mgeni, akatoka.

Munyoki akakoroga chai yake.

"Sawa, Mwalimu. Na wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

Nilikuwa sebuleni nasoma gazeti. Nikamwambia chai yake inapoa. Kijana hana adabu.

Jumatano, 16 Julai 2025

Wamemkubali! Baada ya yote niliyosema.

Munyoki alinipigia simu mwenyewe. Ana wazo pia. Yule msichana wa Kijerumani atakayekuja atakuwa anawazuru wagonjwa hapa Mwatate. Anaweza kuwa kwetu kila asubuhi. "Wenu anaosha wa kwao, wao anaosha wa kwenu. Si ndiyo kubadilishana, Mwalimu!" Akacheka peke yake.

Nikamwambia mke wangu si shamba la mafunzo. Mgeni amwone uchi? Chumba kile haingii mtu ila Shanice. Hata mimi nikishika beseni, Tryphena hunifukuza kwa mkono wake mzima.

Jioni Shanice akamwinamia akamwuliza: Bibi, niende?

Tryphena hajatamka neno tangu augue. Akakunja uso, akahangaika, povu likamtoka pembeni mwa mdomo. Kisha —

"Ja."

Ndiyo ya Wajerumani! Shanice akapiga yowe. Akampigia mama yake, wakalia wote wawili kwenye simu.

Nimemsemesha kwa Kidawida miezi yote hii, lugha niliyomposa nayo. Hakuniitikia. Nikatoka nikapasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji.

Jumapili, 27 Julai 2025

Leo ameniomba nimpulizie maji.

Ni desturi ya zamani ya milima hii. Wazee waliiita kutasa. Mtu akisafiri, mkubwa wake hupiga funda la maji, huyapuliza mbele yake, husema: hasira iliyomo moyoni mwangu na itoke, isikufuate. Asipofanya hivyo, hasira humwandama msafiri. Hivyo ndivyo walivyoamini. Mimi ni mzee wa kanisa. Maisha yangu yote darasani niliiita ushenzi.

Lakini watu hawasahau. Mwanangu Lewis alikwenda Qatar nami sikumpulizia, maana alininunia. Akarudi amefukuzwa kazi, na mkono umevunjika. Wanasema ni hasira yangu. Mimi nasema ni uvivu wake.

"Siendi kama mjomba Lewis," akasema Shanice. "Babu, bila maji yako sipandi gari."

"Umesoma hadi kidato cha nne, unaamini mate?"

"Mate siyaamini. Naogopa tu vile unaniangalia."

Nikamwambia nitafikiri. Akashukuru! Akaenda kufua nguo za bibi yake.

Nimekuwa nikitafuta komeo la kumfungia asiende, kumbe ameniletea mwenyewe. Nilifurahi. Naandika kama lilivyo.

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Gari liko barabarani. Dereva anapiga honi. Treni ya Nairobi haimngoji mtu pale Voi.

Mchungaji aliomba, akala, akaondoka. Nikadhani yamekwisha. Sharon akaja na kikombe cha maji. Shanice akapiga magoti mbele yangu na viatu vyake vipya.

"Mchungaji amebariki," nikasema. "Yatosha."

"Baba, kama huna hasira, maji ni maji tu. Puliza twende."

"Na kama ninayo?"

Munyoki alikuwa mlangoni, sanduku begani. Akatazama chini.

Ndipo Tryphena, tuliyemketisha kwa mito, akanyoosha mkono. Alitaka kikombe. Sharon akamnywesha. Akajaza kinywa, akainua uso — upande uliokufa ukamsaliti. Maji yakamchuruzika kidevuni, yakaloanisha kifua. Akajaribu tena. Yakamwagika tena. Shanice akasogea kwa magoti, akaweka kichwa chake chini ya kidevu kile, akangoja matone.

Nikasema: "Hiyo si baraka. Ni udenda wa mgonjwa."

Tryphena akanitazama. Akanisukumia kikombe.

Nikakipokea, nikaingia nacho humu chumbani mwangu, nikafunga mlango. Kimebaki nusu. Huko nje Munyoki anamsihi: Shanice, panda, tutaikosa! Naye hapandi. Sharon analia karibu na mlango wangu ili nisikie. Honi. Na wangoje.

Nikipuliza, Jumatatu Tryphena atageuzwa na yule mtoto wa Kijerumani niliyemkataa, maana hakuna mwingine, nami nitakaa sebuleni na gazeti langu. Nikimeza, Shanice atafungua sanduku, atatandika mkeka wake, atamwosha bibi yake mpaka mwisho bila kunung'unika. Namjua. Na Tryphena atakuwa ananitazama vile vile kila siku.

Nimepiga funda. Maji yamo kinywani ninapoandika haya, na yameanza kuwa vuguvugu. Honi tena. Kumeza au kupuliza — nikishakata shauri, nitaandika.