Niliandika "Majani Yamepukutika"

Mshauri wangu, shikamoo, naomba msaada wako kabla ya Alhamisi, na unisamehe kwa urefu maana barua hii nimeianza mara tatu nikaichana. Mimi ni mama wa watoto wawili, kazi yangu ni kukaa mbele ya kompyuta katika ofisi inayolinda hifadhi ya msitu, setilaiti inapita huko juu inapiga picha, pakibadilika mahali kompyuta inaweka kidoa chekundu, na mimi ndiye wa kuamua kama ni miti imekatwa au la, nikisema imekatwa walinzi wanatumwa, nikisema hapana kidoa kinafutwa na habari yake imekwisha.

Sasa msitu wetu ni ule unaopukutisha majani kiangazi, miti yote inabaki fito tupu, na ukiitazama kutoka juu huwezi kuitofautisha upesi na shamba lililofyekwa, kwa hiyo kiangazi vidoa vinakuja mamia na vingi ni vya uongo, tunaandika "majani yamepukutika" tunasonga mbele. Inatakiwa ulinganishe kila kidoa na picha ya mwezi huohuo mwaka jana, lakini ukiwa na vidoa mia mbili asubuhi moja unalinganisha vichache, vingine unavipitisha tu, na ofisini kila mtu anajua.

Basi nilipitisha vidoa vinne upande wa korongoni, naapa sikujua kitu. Wiki mbili baadaye nikaenda kumsalimia kaka yangu mkubwa, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa na miaka tisa, alikuwa akinisuka nywele yeye mwenyewe, ovyo kabisa, watoto wakicheka anakuja shuleni nao wanamcheka yeye, lakini kesho yake ananisuka tena. Wifi yangu akaniambia kwa furaha, "Wifi, mwaka huu tuna shamba jipya kule korongoni, udongo mweusi ajabu!" Nikamgeukia kaka, "Kaka, kule si ndani ya hifadhi?" Akacheka. "Si wewe uliyetuambia kiangazi mtambo wenu hauoni kitu?" Na kweli nilisema, mshauri, mwaka jana, mezani pale pale, nilikuwa najigamba jinsi kazi yangu ilivyo ngumu.

Nikarudi ofisini nikalinganisha picha, ni kweli, mwaka jana vivuli vya miti vilionekana, mwaka huu hakuna hata kimoja. Halafu vikaja vidoa vingine vitatu, safari hii najua, na mkono wangu ukaandika "majani yamepukutika."

Kuna mlinzi mmoja mtu mzima tunamwita Viatu kwa jinsi anavyotembea sana kwa miguu, jina lake la kweli hata silijui vizuri, yeye alipita korongoni kwa miguu akaona visiki akaleta taarifa. Mkuu wetu akafungua ramani mbele ya watu wote, akasema, "Mzee, setilaiti inasema hakuna kitu, wewe visiki umeviona wapi, ulikuwa umelewa?" Watu wakacheka, na mimi nimekaa pale pale natazama kibodi. Korongo ni mwendo wa siku nzima, hakuna aliyetaka kwenda kuhakikisha. Sasa Alhamisi anaitwa kwenye kikao cha nidhamu kwa kuleta taarifa ya uongo, na amebakiza miaka miwili tu astaafu.

Mvua nazo zimekaribia, zikinyesha msitu wote utachipua isipokuwa pale kwa kaka. Nishauri, nifanyeje ili kaka aache bila kufungwa na mimi nisipoteze kazi? Nimewaza tupande miche haraka. Damu nzito kuliko maji, mshauri.

Dada Mdogo

*

Marahaba, Dada Mdogo. Nimemwomba mhariri barua yako iruke foleni, maana leo ni Jumatatu.

Pole, tena pole ya kweli. Kaka aliyekulea hivyo ni mzazi, na anayekwambia ni rahisi kumtaja mzazi wako hajawahi kulelewa. Lakini umeniomba mawili, kaka asifungwe na wewe usifukuzwe. Viatu umenieleza, kisha katika maombi yako hayumo! Mzee wa watu anaitwa mlevi na mwongo kwa sababu aliona kwa macho yake kitu ulichokifuta wewe. Damu nzito kuliko maji, sawa, na yeye ana watu wa damu yake wanaomsubiri nyumbani.

Vile vidoa vinne vya kwanza ni uzembe wa kazi, unakemewa, unajirekebisha. Hivi vitatu ulivifuta kwa kusudi. Usivichanganye ili kosa lionekane dogo. Na miche? Jamani, dada! Visiki vya miti mizee utavificha kwa miche ya kwenye mikebe?

Sikiliza sasa. Kesho omba ruhusa kazini, nenda kwa kaka yako mchana, usimpigie simu. Mwambie, "Kaka, kesho kutwa nasema." Usimwombe idhini. Mwambie aweke panga chini, amtafute mwanasheria, aende kujieleza mwenyewe kabla ya kufuatwa. Akilia, lia naye. Akikufukuza, toka kwa heshima, utabisha hodi tena mlangoni hapo siku nyingine. Kama atafungwa au hatafungwa sijui, wala sitakudanganya.

Alhamisi kikao kisianze kabla hujaingia. Beba picha za mwaka jana na za mwaka huu, vidoa vyote saba. Usiandike kwamba kulitokea hitilafu, mtambo wa watu haukukosea. Andika, "Nilijua, na nikaficha kwa sababu ni kaka yangu." Kazi unaweza kuipoteza, ndiyo, ujiandae. Lakini ukingoja mvua ikusemee, Viatu atakuwa amesharudisha sare yake, na ukweli wako hautamfaa kitu.

Kisha mwombe radhi mzee huyo pale pale alipochekwa, mbele ya walewale waliocheka. Kaka yako alikubali kuchekwa na shule nzima kwa ajili yako, kwa hiyo uliwahi kuona jinsi inavyofanywa. Na kabla ya kuingia humo ndani, pitia masijala, fungua faili lake, usome jina lake la kweli. Huwezi kumwomba mtu mzima msamaha kwa jina la utani.