Maboksi ya Lubunga

Kisangani, 4 Machi 2024

Papa mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Je, Kinshasa unakula vizuri? Sisi tu wazima. Koko, mama yenu, anakohoa kidogo, lakini jana alivuka mto kutoka Lubunga kuniletea pondu, yale majani ya muhogo, akasema masomo yananikondesha.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya nyumbani anaishika Tonton Fiston, na sitaki asome haya. Tangu kampuni ya Orvane ikamate redio zote dukani, huyo Fiston ndugu yako haonekani mwenye huzuni. Jumamosi nilimwona kule mtaa wa Simi-Simi, ameketi kwenye baa na yule mwakilishi wa kampuni, wanakunywa bia. Aliporudi nilimuuliza alikuwa wapi. Akajibu, "Mama, leo umekuwa polisi?" Kisha akataka kujua maboksi matupu yako wapi. Nikasema sijui. Ninajua, lakini hata hapa sitaandika.

Kampuni inasema redio zetu ni bandia kwa kuwa namba ya redio hailingani na ya boksi lake. Unakumbuka mvua iliyotukuta wakati wa kupakua boti? Tulizitoa redio zote, tukazianika kwenye mikeka, halafu mimi na Koko tukazirudisha, redio yoyote katika boksi lolote. Na wateja wa mtoni hawataki boksi. Wanafunga redio ndani ya kitenge ili askari wa vizuizi vya njiani wasione kitu kipya na kudai pesa. Basi maboksi waliyotuachia ndiyo yenye namba za redio zilizokamatwa. Yakionekana mahakamani, itajulikana kwamba zilitoka kiwandani kwao. Yakipotea, zitachomwa moto, na duka limekwisha.

Niyafanyie nini?

Barua hii anaibeba Bwana Eddy, jirani yetu wa duka.

Binti yako,
Philomène


Kinshasa, 19 Machi 2024

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Kikohozi cha Koko kikoje? Mwambie anywe tangawizi, aache ile dawa ya sokoni. Mimi mzima, ila joto la hapa halina huruma na wakili wangu anasema haraka kuliko ninavyosikia.

Barua yako ilifika imefunguka pembeni. Eddy anasema ni mvua. Sikumbuki mvua wiki hiyo. Kwa hiyo hii naituma kwa Mama Vicky, muuza vitenge.

Umefikiri vizuri kuliko wakili. Kampuni inajua nilinunua redio hizo Dubai kwa halali. Wanachotaka ni muuzaji mmoja tu Kisangani, waliyemchagua wao, kwa bei yao. Hawajamtaja bado. Lakini mtu fulani aliwaeleza habari za namba, mtu aliyezoea kuingia dukani kwetu na kugeuzageuza vitu.

Kuhusu Fiston sijui niseme nini. Tumenyonya ziwa moja, na bia anaipenda. Usimpe maboksi. Usimpe mtu yeyote. Kesi itasikilizwa hapa Kinshasa mwanzoni mwa mwezi wa tano.

Mtoto wako,
Cyprien


Kinshasa, 2 Aprili 2024

Binti yangu Philomène,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo. Nimechapa barua hii kwa mashine kwa sababu mkono unaniuma.

Mambo yamebadilika. Wakili anahitaji maboksi haraka. Mpe Bwana Eddy, anayekuletea barua hii. Ni mtu wa kuaminika. Fiston asijue, kwa maana ulisema kweli, anakula na adui. Ukimaliza kusoma, choma karatasi hii.

Papa yako,
Cyprien


Kisangani, 9 Aprili 2024

Papa, mtoto wangu,

Salamu. Koko amepona, tangawizi imefanya kazi. Wewe mkono wako haukuumi, nadhani.

Bwana Eddy alileta barua ambayo naiambatanisha hapa. Alikataa kuketi. "Soma upesi, mtoto, nina haraka." Niliisoma mara mbili. Tangu nizaliwe hujawahi kuniita binti. Nina jina la mama yako, kwa hiyo mimi ni mama yako. Hata siku ile ya kunichapa kwa ajili ya sufuria niliyoiunguza, ulianza kwa kusema, "Unisamehe, mama." Na mtu huyu hakuuliza hata habari ya Koko.

Nikamwambia Eddy kwamba Koko ameyawashia moto maboksi yote. Akasema, "Bahati mbaya." Lakini uso wake ulipumzika, Papa. Mtu aliyetumwa kukusaidia angesikitika.

Alipoondoka nikamfikiria Tonton Fiston. Yeye pia ananiita Mama, na Koko ndiye aliyemzaa. Asingeweza kuandika barua ile. Nikampelekea. Aliisoma, kisha akasema:

"Mama, mutu akikulipia bia, unakunywa. Ule wa kampuni alitaka nimuuze yaya yangu, papa yako. Mimi nilikunywa bia yake, nikamuuliza nani atauza redio zenu hapa. Chupa ya tatu akasema, jirani yenu."

"Na maboksi uliyatakia nini?"

"Niyatoe mujini kabla Eddy hajayaona."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaniangalia kama mwizi."

Nilimwomba msamaha. Akasema mama haombi msamaha kwa mtoto, nipike tu samaki. Nimepika.

Kesho tunavuka kwenda Lubunga. Maboksi yako chini ya kitanda cha Koko. Tonton atashuka nayo kwa boti mpaka kwako, na barua hii itakuwa ndani ya shati lake. Ninaomba mto usimcheleweshe.

Mama yako,
Philomène


Kinshasa, 11 Mei 2024

Mama yetu,

Sisi wawili tunawasalimu, wewe na Koko. Tu wazima, ila Fiston amekonda, na nguo zake bado zinanuka samaki wa moshi wa kwenye boti.

Alifika asubuhi ya kesi. Karani alisoma namba nyuma ya redio, Fiston akatafuta boksi lake na kuliinua. Redio nyingine, boksi jingine. Wakili wa kampuni alianza kwa kucheka, baadaye akawa anaandika tu, mwishowe akaomba kesi iahirishwe. Hukumu bado. Lakini hakimu ameagiza redio hata moja isichomwe.

Ukikutana na Eddy, msalimie kwa adabu. Usimwambie neno lingine. Jioni funga mlango wa duka wewe mwenyewe, ufunguo ulale kwa Koko.

Na usome vizuri.

Watoto wako,
Cyprien na Fiston