Losheni Yangu Ilivyoishia kwenye Nyuso za Watu

Mtongwe, Likoni,
Mombasa.
16 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Rashad,

Assalaam aleikum. U hali gani huko Muscat, na lile goti limepoa? Hapa nyumbani wote wazima isipokuwa mimi, na ndiyo sababu ya barua hii. Kwenye simu ulisema mtandao mbovu, ukakata. Karatasi haina mtandao, kwa hivyo isome yote.

Unajua mwaka jana nilikatwa saratani shavuni. Daktari alinieleza vizuri. Jua huharibu vinasaba ndani ya seli za ngozi ya kila mtu, hata yako. Ngozi hujitengeneza yenyewe: hukata kipande kilichoharibika, ikashona kipya, kama fundi atiaye kiraka. Lakini sisi tuliozaliwa zeruzeru hatuna rangi ya kutukinga. Kazi humzidi fundi, viraka vingine hukosewa, na makosa yakirundikana huwa saratani. Losheni ya jua inampunguzia fundi kazi, basi. Haimgeuzi mtu rangi.

Sasa mkeo Zuleikha, na akili zake za kuazima, kaona losheni nyeupe kwa mtu mweupe, akakata shauri kuwa ndiyo iliyonifanya mweupe. Mimi niliyezaliwa hivi, na bibi yake ndiye mkunga aliyenipokea! Arusi ya mdogo wake ilipokaribia, akaichukua chupa yangu bila kuniuliza, yeye na jamaa zake wakaikoroga na unga wa liwa kwenye singo ya kumsugulia bibi arusi, wakajisugua ukoo mzima mpaka visigino. Walitoka kama waliomwagikiwa unga.

Nilicheka, wallahi. Kisha nikakaa bila losheni, maana hospitalini nako ilikuwa imekwisha, na genge langu la mboga halina kivuli mchana. Sasa nina kidonda sikioni kisichopona. Alhamisi wanakata kipande wakapime. Naogopa, Rashad.

Nawe unaniambia ni mambo ya wanawake, yaishe. Unanichukiza. Mwanamume mzima, uliyekuwa ukinifunika leso tukienda madrasa, leo unamwogopa mke aliye ng'ambo ya bahari.

Jana alibisha hodi chumbani kwangu, kanisalimia kwa heshima zote. Nikadhani kaja kuniomba radhi.

“Wifi, ile dawa nyingine wakupa lini? Mdogo wangu Mwanasaumu naye ashaposwa.”

Nisalimie wenzako Babu na Randu hapo kazini kwenu. Mola akuhifadhi, na akupe ulimi wa kusema na mkeo. Yeye usimpe salamu zangu. Nakaa naye nyumba moja. Ningetaka, ningemsalimu mwenyewe.

Akupendaye hata akikuchoka,
dadako Mwanarusi