Maelezo juu ya Laptop Sita Nzito na Nani Alizichagua

KITUO CHA POLISI, KOMINE YA KAMPEMBA, LUBUMBASHI
Tarehe 18 mwezi wa tatu 2025

Maelezo ya shahidi katika mashitaka ya Bi Mbambu Wivine dhidi ya Bwana Muhindo Damien.

Jina: Kambale Léonard. Umri: miaka 71 kwa kitambulisho, yeye anasema 75. Kazi: dereva wa lori zamani, sasa mzee wa nyumba ya usafirishaji Tujikaze. Makao: Bel-Air. Masomo: mwaka wa tatu wa shule ya msingi.

Miye njo Kambale Léonard. Nimekuja mwenyewe, hakuna muntu aliniita. Mbele ya yote naomba iandikwe kama leo ni mara ya tatu nafika kwa hii biro, na mara mbili za kwanza mulinirudisha. Muliniambia, "Muzee, enda upumuzike." Miye nimeendesha lori toka Butembo mpaka Lubumbashi wakati barabara ilikuwa matope tupu. Hakuna mwenye alinifundisha kupumuzika.

Nyumba ya Tujikaze ni ya Wivine, mutoto wa marehemu kaka yangu. Yeye alikuwa anakaa Goma, anatuma mizigo ya benye mali toka kule. Huku Lubumbashi kazi iko inaendeshwa na Damien, mutoto wa dada yangu, huyu mwenye mumefunga. Miye niko juu ya Damien. Hiyo kila muntu wa Bel-Air anaijua, isipokuwa polisi.

Tuko na bapointeri sita. Mupointeri anapanda na lori, anahesabu mizigo ikipakiwa na ikishushwa, anaingiza hesabu ndani ya laptop, anaituma kwa mwenye mali. Bila ile hesabu mwenye mali halipi, na lori inalala.

Mwaka wa 2024 Wivine alinunua laptop mupya kwa duka la Adalbert, Kamalondo. Bei muzuri, kila muntu alifurahi. Zilikuwa nyembamba kama ostia ya misa. Vumbi ya njia ya Sakania, kwa mupaka wa Zambia, iliingia ndani. Ingine ilikunywa mvua, ingine ilivunjika pale inafungukiaka, ingine ilikufa tu bila sababu, kama muntu mwenye kulogwa. Kufika Noeli zilibaki mbili, na moja ilikuwa inatumika wakati inapenda. Bapointeri balirudia kuandika kwa karatasi, magunia yalipotea, benye mali balikataa kulipa.

Mnamo tarehe 11 mwezi wa kwanza mwaka huu niliingia kwa Adalbert pamoja na Damien. Adalbert alinionyesha laptop nyembamba kupita za kwanza. Nilimuuliza, "Hii ikianguka toka juu ya lori?"

Akasema, "Papa, ordinatere haikuumbwa kuanguka."

Nikasema, "Na lori haikuumbwa kupita Sakania, lakini inapita."

Akacheka, akauliza kama natafuta laptop ao jiwe la kusagia. Niliiweka chini, nikaikalia. Miye si munene. Ilivunjika. Adalbert alisema mwenye kukaa njo mwenye kulipa. Damien alilipa. Hiyo pia iandikwe juu yangu, isiandikwe juu ya Damien.

Halafu tulifika Sakania kwa Mwaba, muntu wa Ndola mwenye kuvukisha bitu mupaka. Alikuwa na laptop nzito, za zamani, ziko na kona za mpira, za kampuni moja ya kule ng'ambo yenye ilifunga. Bei yake ilikuwa kali. Moja yake ilikula bei ya tatu za Adalbert. Nilisema hizi njo zetu.

Afisa ameniuliza nilijuaje. Nilipima na kipimo cha tairi. Bantu ya lori hatuangalie bei ya dukani, tunagawanya bei na safari. Tairi ya bei kidogo yenye kukufa safari ya tatu, ile njo ya bei kali. Damien alikaa na karatasi, akaweka bei ya kununua, bei ya kutengeneza, siku lori zinalala, magunia yenye kupotea, kwa miaka ine. Akaniambia, "Mujomba, kwa miaka ine za Adalbert zitatukula mara mbili ya hizi za Mwaba." Ile hesabu ilikuwa yangu. Yeye aliiandika tu.

Afisa ameniuliza pia kama najua laptop iko na memori ngapi. Sijui. Hata bibi yangu sikumufungua kichwa mbele ya kumuoa, na tuliishi miaka makumi ine.

Ni kweli ziko nzito, bapointeri banalalamika. Glodie, mupointeri wetu wa njia ya Sakania, anaibeba mugongoni ndani ya kitenge kama mutoto, na bamama ya soko banamuuliza jina lake. Ni kweli pia bateri yake haipatikane Lubumbashi. Damien alinionya juu ya bateri. Sikumusikia.

Jumamosi tarehe 25 mwezi wa kwanza, saa ine asubui, Mwaba alileta laptop sita kwa biro yetu. Damien alisema, "Mujomba, tungojee. Banasema vita imefika Sake, karibu na Goma. Dada Wivine iko kule na batoto, anaweza kuomba hizi dola."

Nilimujibu, "Vita inasemwa tangu ulizaliwa. Weye ungoje, lori zitangoja?"

Ufunguo wa kofere, ile sanduku ya dola, iko hapa shingoni mwangu, na kamba yake. Haijalala siku moja kwa shingo ya Damien. Niliifungua miye, nilihesabu miye, nilimupa Mwaba mukono kwa mukono. Damien alisimama kwa mulango na mikono ndani ya mifuko. Kama muntu anasema Mwaba alimupa Damien kitu chini ya meza, aseme ni meza gani. Laptop ziko sita, muende muzihesabu.

Jumatatu Goma ilianguka. Rezo ya telefone ilikatika. Wivine alinipata kwa telefone Alhamisi. Hakunisalimia. Aliuliza, "Baba mudogo, kofere iko na ngapi?"

Nilimuambia ukweli. Telefone ilikatika. Nilizania ni rezo.

Alifika Lubumbashi tarehe 9 mwezi wa tatu, amezungukia Uganda, Tanzania na Zambia, na batoto batatu. Yule mukubwa alikuwa amevaa biatu bya mama yake. Bitenge bya ndoa Wivine aliuzisha Kampala. Tulimuwekea chakula, hakukigusa. Aliniambia mbele ya bantu bote, "Miye nililala chini ya lori ya bantu na batoto, na weye ulikuwa unanunua laptop?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nataka kumuambia kama ule unga uko kwa sahani yake umepatikana kwa nguvu ya zile laptop, sababu lori zote sita zinatembea na benye mali banalipa tena. Nilimusogezea tu sahani.

Hapo njo alimugeukia Damien, akamuuliza Mwaba alimupa ngapi. Kesho yake alikuja kwenu.

Sasa hapa njo nakosa uvumilivu. Nilimuambia Wivine ni miye nilichagua. Akasema, "Baba mudogo, weye hujue hata kuiwasha. Unamukinga mutoto wa dada yako." Nilikuja hapa, nikasema ni miye. Mukacheka. Simukingi muntu. Damien ni mutoto muzuri, lakini hana roho ya kutoa dola nyingi hivi siku moja. Anaogopa. Anafikiria bantu. Ile kazi ilitaka muntu kama miye, na nikifungua ile kofere kesho, na vita haiko, nitazinunua tena zile zile.

Afisa ameniambia, "Muzee, na vita iko?"

Aandike kama nimeshika ule ufunguo wa shingoni.

Afisa ameniambia pia kama nikisema hivi najifunga mwenyewe. Naomba aulize tena nani alichagua, nani alitoa amri, nani alilipa, na mara tatu aandike Kambale Léonard. Léonard iko na alama juu ya e.

Ni hayo tu niko nayo. Nimeyasema na akili yangu yote, hakuna mwenye alinisukuma, na mukiniita tena nitasema yale yale.

(Kidole gumba cha kulia)

Maandishi ya afisa: Nimemsomea mzee maelezo haya kwa sauti. Alitaka neno "shahidi" lifutwe. Nimemweleza kwamba ataandikiwa karatasi nyingine, ya mshitakiwa. Muhindo Damien ametolewa chumba cha mahabusu saa tisa alasiri na Kambale Léonard ameingizwa. Wamepishana mlangoni; Damien alitaka kusema, mzee akamwambia awahi Sakania, lori linapakia.

Bi Mbambu Wivine amesomewa pia. Hakuondoa mashitaka, ameyahamishia kwa jina la mzee. Kisha ameuliza kama chumbani kuna kiti, kwa sababu baba yake mdogo ana ugonjwa wa mgongo na hawezi kukaa sakafuni. Nimemjibu hakuna. Ametoka, na saa kumi na moja amerudi na kiti.

Rigobert, afisa wa polisi ya upelelezi (OPJ)